"Rais Hajui": Mtoto, Picha ya Ukutani na Kisa cha Punda wa Dobi

Utangulizi

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumezoea kuitumia kwa mambo ya adabu: salamu, usafi, heshima kwa wakubwa. Ni mara chache tunaitumia kwa mambo ya siasa, kwa sababu tunadhani siasa ni shughuli ya watu wazima, na kwamba mtu huanza kuwa na maoni juu ya serikali siku anapotimiza miaka 18 na kwenda kujiandikisha kupiga kura. Makala haya yanakusudia kueleza kuwa dhana hiyo si sahihi. Mtoto wa darasa la tatu tayari anayo maoni yake juu ya serikali na viongozi. Tena maoni hayo anayapata kwa kiasi kikubwa kutoka katika vitu ambavyo sisi wanafunzi wa fasihi tungepaswa kuvielewa kuliko watu wengine: picha, majina ya heshima, hadithi za vitabu vya shule, na ngano za nyumbani.

Nimesukumwa kuandika na mjadala mmoja wa semina. Mwenzetu alisimama akasema kwamba fasihi ya watoto haihitaji uhakiki wa kina "kwa sababu haina itikadi". Darasa likacheka kidogo, tukaendelea na riwaya iliyokuwa mezani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka beseni la maandazi la mama yangu. Hebu nianzie hapo.

Beseni la maandazi

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la tatu katika mji mmoja wa pwani. Mama alikuwa anauza maandazi na vitumbua karibu na stendi ya mabasi, na siku za Jumamosi nilikuwa namsaidia kubeba. Darasani kwetu, juu ya ubao, zilitundikwa picha mbili: ya Mwalimu Nyerere, na ya Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete. Rais alikuwa anatabasamu. Niliamini kabisa, wala sioni aibu kusema hivi, kwamba alikuwa anatutabasamia sisi wa darasa la tatu. Ukikaa dawati la mbele anakutazama. Ukihamia la nyuma bado anakutazama. Mwalimu akitoka nje alikuwa anatuambia, "Rais anawaona," na kweli kelele zilipungua.

Jumamosi moja mgambo wakaja pale stendi. Wenzake mama wakakimbia, yeye akachelewa kwa sababu yangu. Beseni likachukuliwa, maandazi yakamwagika, na faini iliyotajwa ilikuwa kubwa kuliko mtaji wote. Nililia njia nzima. Tulipokaribia nyumbani nikamwambia, "Mama, twende tukamwambie Rais." Mama hakucheka. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayesema jambo analolijua sana:

"Rais hajui, mwanangu. Angejua, wasingetufanyia hivi."

Usiku ule bibi mzaa mama, ambaye tulikuwa tunaishi naye, hakuuliza kitu. Baada ya chakula akaniita, "Njoo hapa mume wangu, acha kununa. Paukwa!" Nikaitikia kwa uvivu, "Pakawa." Akanisimulia kisa cha kima, papa na punda wa dobi. Kisa chenyewe nitakirudia baadaye. Kwa sasa itoshe kusema kwamba siku ile moja nilipewa mafunzo mawili ya siasa na wanawake wawili wa nyumba moja, na mafunzo hayo hayapatani.

Watafiti wanasemaje?

Suala hili limechunguzwa sana huko Marekani. Mwaka 1958, Fred Greenstein aliwahoji kwa dodoso watoto 659 wa darasa la nne hadi la nane katika mji wa New Haven. Aligundua kwamba watoto walimsifu Rais wao hata pale waliposhindwa kueleza kazi yake ni nini hasa. Yaani sifa ilitangulia, maarifa yakafuata nyuma. Mtoto huyo machoni pake ana kiongozi mwema, anayejali, anayesaidia, na wema huo haukutokana na jambo lolote ambalo mtoto mwenyewe ameliona likitendeka.

Baadaye David Easton na Jack Dennis, katika kitabu walichotoa mwaka 1969, walichambua majibu ya watoto zaidi ya 12,000 wa darasa la pili hadi la nane kutoka miji minane. Katika swali mojawapo watoto walionyeshwa picha kadhaa, wakatakiwa kuchagua mbili zinazoonyesha vizuri zaidi serikali ni kitu gani. Wadogo walichagua sura za watu: George Washington na Rais Kennedy. Wakubwa walianza kuchagua bunge na upigaji kura. Kwa hiyo safari ya mtoto, kwa maoni ya wataalamu hawa, huanza na mtu na kuishia kwenye taasisi. Kwanza anamwona Rais, anampenda, halafu taratibu anaanza kuona kwamba nyuma ya Rais kuna vyombo, sheria na utaratibu. Waliona pia kwamba mtoto mdogo huijua mamlaka kwa ncha zake mbili, Rais aliye juu kabisa na polisi anayemwona mtaani. Katikati hapo hakuna kitu. Msomaji aikumbuke nafasi hiyo tupu, maana nitairudia.

Kwa nini mtoto aanze na mapenzi? Majibu mawili hutolewa mara kwa mara. La kwanza ni kwamba mtoto huchukua hisia alizonazo kwa baba yake akazihamishia kwa kiongozi. La pili ni kwamba mtoto ni mnyonge mbele ya nguvu kubwa, na mnyonge hawezi kulala usingizi akiamini kuwa nguvu hiyo ni mbaya; basi anaiona njema ili apate amani.

Majibu haya yana ukweli, lakini tukiyameza mazima tutafikiri kwamba kila mtoto duniani humpenda kiongozi kama vile kila mtoto huota meno. Sivyo. Mwaka 1968, Dean Jaros na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika eneo maskini la milima ya Appalachia, huko Kentucky, na watoto wa huko hawakuwa na picha hiyo ya kiongozi mwema. Wengi walimwona Rais kwa jicho baya. Na Christopher Arterton, katika makala ya mwaka 1974, alionyesha jinsi kashfa ya Watergate ilivyoiporomosha sura ya Rais machoni pa watoto, hata wale wa familia zenye nafasi. Nchi moja, Rais mmoja, watoto tofauti. Inaonekana basi kwamba mtoto hazaliwi na mtazamo, anasimuliwa. Na palipo na kusimuliwa, ndugu msomaji, ndipo penye kazi yetu.

Baba, Mzee, Mama

Usimulizi wa kwanza haumo katika hadithi, umo katika majina. Lugha yetu haimleti kiongozi kwa mtoto akiwa mtumishi aliyeajiriwa kwa mkataba wa miaka mitano. Inamleta akiwa ndugu. Nyerere ni Baba wa Taifa na Mwalimu. Mwinyi alikuwa Mzee Ruksa. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, haikupita wiki mitaani kwetu akawa "Mama". Kwa mtu mzima hizi ni sitiari, na mtu mzima anajua kuzitumia kwa mzaha, kwa mapenzi au hata kwa kejeli. Lakini mtoto wa miaka minane hana habari ya sitiari. Anajua aina moja tu ya baba na aina moja tu ya mama. Baba hachaguliwi. Mama haulizwi hesabu ya fedha. Ukimuuliza, utaambiwa umekosa adabu, na pengine utachapwa.

Majirani zetu Kenya walipitia kitu kinachofanana na hicho kwa njia ya tumbo. Kuanzia mwaka 1979 serikali ya Rais Moi iligawa maziwa katika shule za msingi, na watoto wakayaita maziwa ya Nyayo. Nimewahi kuzungumza na Mkenya wa makamo aliyekuwa mtoto miaka hiyo. Alinieleza kwa kirefu mabaya ya utawala ule, halafu akanyamaza, akasema, "Lakini maziwa yalikuwa matamu." Sikucheka. Niliona kwamba mtu mzima alikuwa ametoa hoja zake zote, na mtoto aliyemo ndani yake akatoa hoja moja tu, wala zile nyingine hazikuweza kuishinda.

Hata pesa inasimulia. Mdogo wangu wa kike aliwahi kushika noti ya shilingi 1,000 yenye picha ya Mwalimu Nyerere na ile ya 2,000 yenye picha ya simba, akaniuliza, "Kaka, mbona simba ana hela nyingi kuliko Mwalimu?" Tulicheka nyumba nzima. Lakini swali lile lina maana kuliko alivyojua mwenyewe, kwa sababu baba na simba ndizo sura mbili za mtawala ambazo mtoto wa Kiswahili hukua nazo. Ya kwanza anapewa shuleni. Ya pili anapewa na bibi.

Kibanga na Mkoloni asiye na jina

Tuanze na shuleni. Ukikutana na Mtanzania aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1980, mtajie tu "Kibanga Ampiga Mkoloni" uone anavyotabasamu. Hadithi hii fupi ya kitabu cha kusoma imekuwa sehemu ya mazungumzo ya mtaani, hata watu wa rika langu ambao hatukukifungua kitabu chenyewe tumeirithi kutoka kwa wazazi. Mjomba wangu alikuwa anaisimulia kwa vitendo, akimwinua mtoto mmojawapo hewani kuwa ndiye Mkoloni.

Kichwa chake kinasema yote, na ndipo penye ufundi na penye tatizo. Tuangalie wahusika. Mwananchi ana jina: ni Kibanga, mtu anayejulikana, mtu wa pale kijijini. Mtawala hana jina, ana cheo tu, tena cheo chenyewe ni cha aina yake nzima. Kwa fani hiyo rahisi mtoto anajifunza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni zuri: kwamba mtawala mwonevu anaweza kukataliwa, na kwamba mnyonge ana mikono. Kwa watoto ambao babu zao walikuwa wanalipishwa kodi ya kichwa na kuchapwa viboko, hadithi hii ilirudisha heshima, na mhakiki anayeidharau hajui thamani ya heshima.

La pili ni gumu zaidi. Uonevu umeunganishwa na ugeni. Mtawala ni mbaya kwa kuwa ni Mkoloni. Sasa akishaondoka? Hadithi inaishia kwenye shangwe. Hakuna ukurasa wa pili ambamo mwonevu ni mtu wetu, anaongea lugha yetu, ana shangazi mtaa wa nyuma. Yule mgambo aliyechukua beseni la mama alikuwa kijana wa pale pale. Kibanga hakuweza kunisaidia, kwa sababu Kibanga anajua kumpiga Mkoloni tu, na pale stendi Mkoloni hakuwepo.

Ndipo mtoto, akiwa na picha ya baba anayetabasamu kwa upande mmoja na mgambo kwa upande wa pili, anapolazimika kuunganisha vitu viwili visivyoungana. Daraja analolijenga ni sentensi ile: Rais hajui.

"Hajui" katika fasihi na katika historia

Msidhani ni sentensi ya mama yangu peke yake. Wanahistoria wa Urusi wameandika mengi kuhusu imani ya wakulima kwamba mfalme wao ni mwema ila mabwana na maofisa wanaomzunguka ndio waovu. Mwezi Januari 1905, wafanyakazi wa St. Petersburg wakiongozwa na padri Gapon waliandamana kwenda kwenye kasri kumpelekea mfalme malalamiko yao, wakiwa wamebeba picha zake. Walipigwa risasi na askari. Nikisoma habari hizo naiona picha ile ya juu ya ubao ikitembea barabarani mikononi mwa watu wazima.

Katika fasihi yetu, tumtazame Shaaban Robert. Katika *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje wakarudi na mawazo mema, wakaishia kifungoni. Wahakiki wengi tumefundishwa kuisoma riwaya hii kama shambulio dhidi ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una msingi wake. Lakini angalieni jinsi lawama ilivyogawanywa. Sumu yote imewekwa kwa waziri Majivuno. Mfalme anakaa, anasikiliza, na mwishoni uamuzi wake ndio unaoleta haki. Ni kama kwamba tatizo la Kusadikika lilikuwa ni mfalme kutoambiwa. Alipoambiwa kwa ufasaha, mambo yakanyooka.

Simlaumu Shaaban Robert. Aliandika chini ya utawala ambao haukutaka kuambiwa ukweli mtupu, na kumpa mfalme nafasi ya kutubu huenda ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuupitisha. Ninachosema ni kwamba muundo huo, mfalme mwema na waziri mwovu, ndio muundo ule ule wa mtoto wa darasa la tatu. Unapofika kidato cha nne na kukisoma *Kusadikika*, hupati jambo jipya. Unapata yale uliyoyaamini zamani, sasa yakiwa na lugha nzuri.

Sultani anautaka moyo mwenyewe

Sasa nirudi kwa bibi. Nilipokuwa mwaka wa pili hapa chuoni nilikutana na kisa chake maktabani, ndani ya mkusanyiko wa Edward Steere wa ngano za Waswahili wa Unguja, uliochapishwa London mwaka 1870. Nilisimama kati ya kabati mbili nikakisoma hadi mwisho. Kwa kifupi ni hivi. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Kila siku anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao ili alipe wema, akimbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya maji papa anasema ukweli: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapigi kelele. Anajibu kwamba wao kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Wakirudi, anaruka juu, na papa akimwita anakataa kushuka. Ndipo anapomsimulia habari za punda wa dobi, ambaye sungura alimpeleka kwa simba kwa maneno matamu. Simba akamrukia, punda akaponea chupuchupu na majeraha, akashawishiwa tena, akarudi tena, akauawa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili.

Ngano hii asili yake ni ya mbali, ina ndugu zake katika hadithi za kale za Bara Hindi, lakini imekaa pwani yetu hadi imekuwa ya kwetu. Wengi huiweka katika fungu la "ngano za hila" na kuishia hapo. Mimi nadhani ni somo la siasa, tena kali. Tazameni: sultani *anajua*. Si papa aliyejitungia. Amri imetoka juu, na aliyeitwa ameitwa kwa jina la urafiki. Mamlaka katika ngano hii haiji na fimbo, inakuja na mwaliko. Na kosa la punda halikuwa kudanganywa mara ya kwanza, maana kila mtu hudanganywa. Kosa lilikuwa kuwa na alama za makucha mgongoni na bado kurudi.

Bibi hakutaja mgambo wala Rais hata mara moja. Nilipokua nilimuuliza kwa nini alichagua kisa kile usiku ule. Alinitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Ulikuwa unalia," akasema. "Mtoto akilia anasimuliwa."

Inawezekana hakukusudia lolote zaidi. Sitaki kumpachika bibi yangu nadharia. Lakini kazi ya ngano haitegemei nia ya msimuliaji peke yake. Nililala nikiwa na picha mbili kichwani: baba asiyejua na sultani anayejua. Na ninavyoona, watoto wengi wa Kitanzania hulala na picha hizo zote mbili, wakatoa ile inayohitajika kwa wakati wake. Hadharani ya kwanza, vijiweni ya pili.

Nafasi iliyo tupu

Mtu anaweza kusema basi jibu ni rahisi, tuwape watoto sungura na kima zaidi, tupunguze mabaraka ya picha. Mimi siafiki, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu fasihi simulizi kana kwamba kila kilichotoka kwa bibi ni ukombozi. Kima alifanya nini baada ya kupona? Alibaki juu ya mti. Sultani aliendelea kuwa sultani, bado mgonjwa, bado anahitaji moyo wa mtu. Kesho papa atakwenda kwenye mti mwingine. Ngano inamfundisha mtoto kuponyoka, haimfundishi kumwajibisha mtu. Mtoto aliyelelewa na "Rais hajui" peke yake atakuwa mtu mzima anayesubiri. Aliyelelewa na kima peke yake atakuwa mtu mzima anayekwepa. Aliyelelewa na Kibanga peke yake atatafuta Mkoloni wa kumpiga, na akimkosa atachoka.

Wale akina Easton walisema mtoto akikua huhama kutoka kwenye sura ya mtu kwenda kwenye taasisi. Shule yetu inajaribu. Katika somo la Uraia nilifundishwa mihimili mitatu ya dola, Serikali, Bunge na Mahakama, nikaikariri kama kasuku na kwenye mtihani sikukosa. Lakini mihimili ile haikuwa na hadithi. Hakuna Kibanga aliyekwenda kwenye mkutano wa mtaa. Hakuna kima aliyekata rufaa. Kile ambacho hakina hadithi hukaa kichwani hadi siku ya mtihani, kisha huondoka.

Na hasara yake naweza kuipima kwa beseni moja. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mambo ya wapi mtu auze na wapi asiuze huwekwa kwa kiasi kikubwa na sheria ndogo, na kwamba sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani, watu tunaowachagua wenyewe. Diwani wa kata yetu alikuwa anakaa mitaa mitatu kutoka nyumbani. Alikuwa ananunua vitumbua vya mama! Mama alimsalimia kila asubuhi, akamfungia vitumbua kwenye gazeti, na haikumjia hata siku moja kwamba huyu ndiye mtu wa kumuuliza. Macho yetu yalikuwa kwa Rais, aliye mbali, ambaye hajui. Yule aliye karibu, ambaye kwa vyovyote alijua, hakuwa na picha ukutani, hakuwa na hadithi, na kwa hiyo hakuonekana. Hiyo ndiyo ile nafasi tupu katikati, kati ya Rais na askari.

Mwezi Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, vya shilingi 20,000, ili wasibughudhiwe. Mama alikinunua chake, akakivaa shingoni, akaniambia kwa furaha ya kweli, "Umeona? Alikuwa hajui tu." Rais wa 2012 hakuwa Rais wa 2018, lakini sentensi ilikuwa ile ile. Na mwaka 2021, wamachinga walipoamriwa kuondoka kando ya barabara katika miji mingi, nikaisikia tena kwa jirani: "Mama hajui, wanamdanganya." Sikumjibu. Ningemjibu nini, mimi niliyeisema kabla yake nikiwa na miaka tisa?

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kueleza kwamba mtazamo wa mtoto juu ya serikali hujengwa mapema, kwamba huanza na sura ya mtu, na kwamba kinachoupa umbo ni majina, picha na masimulizi zaidi kuliko mafundisho ya moja kwa moja. Nimeonyesha masimulizi manne: baba asiyejua, Mkoloni anayepigwa, mfalme anayesikia mwishoni, na sultani anayetaka moyo. Kila moja lina ukweli wake, na hakuna hata moja linalomfikisha mtoto kwa diwani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wenzangu na kwa walimu wangu. Kwanza, vitabu vya kusoma vya shule za msingi, vya zamani na vya sasa, viingizwe katika kazi zetu za uhakiki kwa uzito ule ule tunaowapa Kezilahabi na Hussein. Huko ndiko wasomaji wa Kezilahabi wanakotengenezwa. Pili, wale miongoni mwetu wanaotunga, waache kidogo kutunga juu ya marais na mafisadi wakubwa. Watutungie hadithi ya mtoto ambaye beseni la mama yake limechukuliwa, akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi, na nani aliipitisha. Isiwe na mwisho mtamu kama haiwezi kuwa nao. Iwe na mlango tu, na mtoto aone kwamba mlango huo unabishwa.

Yule mwenzetu aliyesema kwamba fasihi ya watoto haina itikadi bado ni rafiki yangu. Kama anayo majibu, au kama yuko mwingine mwenye maoni tofauti, kurasa za jarida hili ziko wazi.